Kamirithu 1977: Wanakijiji walipoandika tamthilia yao wenyewe

Kwa miaka mingi tarehe 10 Oktoba tuliiita Siku ya Moi. Ikabadilishwa kuwa Siku ya Utamaduni, tukaiadhimisha hivyo mara tatu tu, kuanzia 2021 hadi 2023. Mwaka wa 2024 sheria ikaigeuza tena ikawa Siku ya Mazingira. Sina ugomvi na miti. Kilichonishangaza ni kwamba utamaduni uling'olewa kwenye kalenda ya taifa na hapa Mutuini, upande huu wa Dagoretti unaopakana na Kikuyu, sikusikia mtu hata mmoja akiuliza umeenda wapi.

Mtu halilii jumba ambalo hakulijenga. Sherehe ile ilitujia imeshapikwa, nasi tukaalikwa kupiga makofi. Ili kuona kinyume chake hatuhitaji kwenda mbali. Unaunga matatu mbili tatu kupitia Kikuyu, unashukia Limuru, na hapo kando kuna Kamirithu.

Kijiji hicho kilianza kama adhabu. Ni mojawapo ya vijiji ambamo serikali ya kikoloni iliwasukumia watu wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950, ili wasiwalishe wapiganaji wa msituni. Baada ya uhuru watu walibaki papo hapo: vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, wasio na ajira. Kulikuwa na ekari nne za kituo cha vijana, na juu yake banda la udongo lililokuwa likiporomoka.

Mwaka wa 1976 mama mmoja wa kijiji alibisha hodi kwa Ngugi wa Thiong'o, aliyekuwa mkuu wa idara ya fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi na mkazi wa huko. Alisema, kwa ufupi, kwamba elimu yake inawafaa watu wa mbali, je, wa nyumbani? Akaondoka. Jumapili iliyofuata akarudi, na nyingine, hadi profesa akakubali. Nadhani historia nzima ya Kamirithu imo katika huko kurudi. Hakuna wizara iliyomtuma mama yule.

Kazi ilianza na ngumbaru. Watu wazima walijifunza kusoma na kuandika Kikuyu, na mijadala ya darasani ikazaa wazo la mchezo. Mwishoni mwa mwaka huo Ngugi na mwenzake, Ngugi wa Mirii, walipewa jukumu la kuandika mswada wa Ngaahika Ndeenda. Mswada ulipokuwa tayari mwaka wa 1977, haukufungiwa kabatini. Ulisomwa hadharani, na wenye lugha wakaushika. Mzee hasemi hivyo, waandishi waliambiwa. Wimbo huu haukuimbwa namna hiyo. Bibi mmoja asiyejua kusoma wala kuandika aliwaimlia nyimbo za gitiiro za arusi, neno kwa neno, huku wasomi wa chuo kikuu wakinakili. Wafanyakazi wa kiwandani nao wakaeleza wenyewe jinsi mshahara wao unavyokatwa na unavyoliwa.

Mazoezi yalifanywa wazi. Anayepita hukaa, husikiliza, hurekebisha; hivi kwamba siku ya kufunguliwa baadhi ya watazamaji walijua maneno kuliko waigizaji. Hata ukumbi haukuletwa na mkandarasi. Wanakijiji waliuchora kwa njiti za kiberiti, kisha wakaujenga kwa mikono yao, ukumbi usio na paa wenye nafasi za watu zaidi ya 2,000.

Mchezo ulifunguliwa Oktoba 2, 1977. Novemba 16 leseni ilifutwa. Desemba 31 Ngugi wa Thiong'o alitiwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, akakaa Kamiti karibu mwaka mzima. Yaliyofuata ni mafupi na machungu. Mapema 1982 kundi lilitayarisha mchezo mwingine, Maitu Njugira, na lilipofungiwa milango ya Kenya National Theatre likaendelea na mazoezi chuoni, ambako Ngugi alikadiria kwamba watu kati ya 12,000 na 15,000 walikuja kuyatazama. Machi kituo kilifutiwa usajili, polisi wakaja kwa malori, na ukumbi wa kijiji ukasawazishwa na ardhi.

Mwaka wa 2022 Ngaahika Ndeenda ilirudi jukwaani, safari hii katika Kenya National Theatre, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Tulifurahi, na ilikuwa haki kufurahi. Ila hapo mtu hununua tiketi, hukaa, hutazama, huenda zake. Hakuna bibi wa kumwambia mwongozaji kwamba wimbo umekosewa.

Najua pingamizi. Kamirithu walikuwa na lugha moja; sisi leo, kuanzia Kawangware hadi Waithaka, tuna Kikuyu cha wenyeji, Kiluhya, Kikamba na Kijaluo cha wapangaji, na Sheng ya watoto wa wote hao. Ati tamasha la mtaa litafanywa kwa lugha gani? Basi ndiyo maana mara nyingi mwenye maikrofoni hukimbilia Kiingereza, akidhani hakimbagui mtu. Kumbe kinawabagua wale wazee walio na habari yenyewe.

Hebu tulitazame jina la mchezo ule. Kikuyu, kama Kiswahili, humtofautisha anayeoa na anayeolewa. Kuhika ni kwa mwanamke. Kiingereza kina kitenzi kimoja tu kwa wote wawili, kwa hiyo jina la Kiingereza halikuambii ni mwanamke anayesema. Tafsiri ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda, inakuambia mara moja. Jina Mutuini lenyewe linamalizikia kwa -ini, ndugu wa -ni yetu ya mjini na nyumbani. Lugha hizi si wageni wao kwa wao.

Na habari ya kuigiza ipo. Oktoba 1890 Kapteni Lugard alijenga boma la kampuni ya Waingereza papa hapa Dagoretti, akafanya mapatano na Waiyaki wa Hinga. Alipoendelea na safari ya Uganda, watu wa kampuni walianza kupora vyakula na mifugo. Mwaka uliofuata wenyeji wakawatimua na kulichoma boma. Mwaka wa 1892 Waiyaki alikamatwa, akapelekwa pwani, akafia njiani Kibwezi. Kisa hiki tumekisoma zaidi kupitia shajara za Lugard mwenyewe. Katika mitaa hii wapo wajukuu na vitukuu wa waliolichoma lile boma, na Jumapili alasiri wengi wao wako nyumbani.