Ng'haya au Ngasamo: Alfabeti Iliyobadilika Ndani ya Seva

Kata ya Ng'haya iko wilayani Magu, mkoa wa Mwanza. Ngasamo iko Busega, mkoa jirani wa Simiyu. Ipi itangulie kwenye orodha? Jibu la seva hutegemea ilisimikwa lini, na kwa mipangilio ipi ya lugha.

PostgreSQL, kanzidata iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, kwa miaka mingi iliazima mpangilio wa herufi kutoka mfumo endeshi. Hadi toleo 8.4 la mwaka 2009, seva nzima ilifuata mpangilio mmoja. Ukiisimika bila kutaja lugha, inachukua ile iliyopo kwenye mazingira ya aliyetoa amri. Fundi anayeingia kwa mbali mara nyingi huja na mipangilio ya kompyuta yake. Seva isipoijua, usimikaji hukwama. Hapo tiba ni nyepesi: endesha locale -a uone zilizopo, uzalishe iliyokosekana, hata sw_TZ.UTF-8 ya Kiswahili cha Tanzania, kisha uanze upya.

Heri kosa linalokwama mbele ya macho. Agosti 2018 ilitoka glibc 2.28, maktaba inayopanga herufi katika mifumo mingi ya Linux. Kabla yake, chini ya mpangilio wa en_US (Kiingereza cha Marekani), ritifaa ilirukwa: Ng'haya ilisomwa kama Nghaya, ikaja baada ya Ngasamo. Toleo jipya likaihesabu ritifaa na kuiweka mbele ya herufi, Ng'haya ikatangulia. Lakini faharasa zilizokwisha kuandikwa kwenye diski zilibaki na mpangilio wa kale. Aliyetoka Debian 9 kwenda 10 angeweza kutafuta jina lililomo, seva ikajibu halipo. Au ikapokea rekodi ya pili pasiporuhusiwa kujirudia. Waliochagua mpangilio uitwao C walinusurika.

Usukumani, kuanzia wilaya ya Nyang'hwale hadi majina ya ukoo, ritifaa ni sehemu ya jina. Mgonjwa au mkopaji asiyepatikana kwa sababu yake ameonewa.

Toleo la 15, mwaka 2022, lilianza kuonya kanzidata nzima inapopishana na maktaba; la 17, mwaka 2024, likaleta mpangilio usiotegemea mfumo endeshi. Seva zenye faharasa za kale bado zinahitaji REINDEX, amri ya kuzijenga upya, na rekodi zilizojirudia ziondolewe kwanza, maana zikiwepo amri hiyo hugoma kwenye faharasa za upekee.