Paka yule anapanda ngazi au anashuka?

Mwaka 2015 picha ya paka akiwa kwenye ngazi ilizunguka mitandaoni na kuzua ubishi mkubwa. Wengine waliona anapanda, wengine wakaapa anashuka. Wapo waliotazama mkia, lakini kwetu mkia si ushahidi. Swali ni moja: mpiga picha alikuwa juu au chini?

Kila kidato kina pande mbili, ule tunaoukanyaga na ule uliosimama wima. Ukiwa juu ukitazama chini, unaona pa kukanyaga tu. Pande za wima zimekupa mgongo. Ukiwa chini ukitazama juu, pande za wima ndizo zinazokukabili. Shida ya picha ni kwamba huenda usijue upande upi ni upi. Mwaka 1858 Mjerumani Heinrich Schröder alichora ngazi ambayo hata ukiipindua juu chini bado inaonekana ngazi.

Kwa hiyo tafuta ukingo. Katika ngazi nyingi, pa kukanyaga huchomoza kidogo mbele kupita upande wa wima. Ukiuona ukingo huo, umejua pa kukanyaga ni wapi. Kwa picha ya paka, sisi tunaelekea kwa wanaosema anashuka.

Na ukiletewa picha ya ngazi ambako mtu ameanguka, usitamke bado kama alikuwa akipanda. Omba picha ya pili, inayoonyesha sakafu au mlango.