Wasiwasi wa Udhu na Swala: Maradhi Yanayotibika

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo:

Neno wasiwasi tunalitumia kwa mambo mawili. Mzazi huwa na wasiwasi mtoto akichelewa kurudi chuoni. Hilo ni la kawaida na huondoka mtoto akibisha hodi. Lakini pia twasema fulani ana wasiwasi tunapomuona yuko kwenye mfereji, anaosha mkono ule ule mara ya kumi. Hapa tunauzungumzia wasiwasi huu wa pili, kwani huwatesa watu kimya kimya, na jamaa zao huuzidisha bila ya kukusudia.

Dalili zake

Mwenye maradhi haya huchukua nusu saa katika udhu. Hukariri takbira ya kuhirimia mpaka imamu anarukuu. Humuuliza mama yake, "Nimeosha kiwiko?", akijibiwa huuliza tena. Ngozi ya mikono hupasuka kwa maji na sabuni. Wengine swala huwatoka wakati, na wapo walioacha kuswali kabisa kwa kuchoka.

Shaka humpitia kila mtu. Madaktari huyahesabu kuwa ni maradhi pale yanapokula zaidi ya saa moja kwa siku, au yanapoharibu masomo, kazi na ndoa. Huyaita kwa kifupi OCD.

Je, ni udhaifu wa imani?

Hapana. Maswahaba walimshitakia Mtume (s.a.w.) fikra zinazowajia ambazo wasingethubutu kuzitamka, naye akawabainishia kuwa kule kuzichukia kwao ndiyo imani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934), aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na siha ya nafsi, akaupa wasiwasi mlango wake. Kwake yeye nafsi huugua kama mwili unavyougua, na vyote viwili hutibiwa.

Kwa nini hauishi?

Hofu inakuja: "Pengine maji hayakufika." Mtu anaosha tena, anapata nafuu ya dakika chache. Nafuu hiyo ndiyo mtego, kwani inaifundisha akili kwamba bila ya kurudia hakuna salama. Mara ijayo hofu inakuja na nguvu zaidi. Kila anapoutii, wasiwasi unakua.

Wanavyosema mafakihi

Kanuni inajulikana: yakini haiondolewi na shaka. Aliyehisi kitu tumboni haachi swala yake mpaka awe na hakika kuwa udhu umetenguka. Katika madhhabu ya Shafi, faradhi ni kukiosha kiungo mara moja, mara tatu ni sunna, na kuzidisha juu ya tatu ni makuruhu. Shaka inayokuja baada ya udhu kumalizika haidhuru. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa madhhabu haya aliyefariki mwaka 974 Hijria, alipoulizwa dawa ya wasiwasi alijibu kuwa ni kuupuuza moja kwa moja.

Wanavyotibu wataalamu

Shida ni kwamba mgonjwa ameshaambiwa apuuze mara mia, na hawezi. Tiba ya mazungumzo humfundisha namna ya kupuuza. Mwaka 1966, mwanasaikolojia Victor Meyer alieleza alivyowatibu wagonjwa wawili mjini London kwa kuwakabilisha na wanachokiogopa huku wakizuiwa kurudia matendo yao. Njia hiyo iliendelezwa, na leo ni miongoni mwa tiba kuu za maradhi haya.

Mgonjwa na mtaalamu huziorodhesha hofu, kuanzia ndogo hadi kubwa, wakaanza na ile ndogo. Kwa mfano, anatia udhu kwa maji ya kipimo, anaosha mara moja, anaondoka mferejini, anaswali na hofu yake. Hofu hupanda, kisha hushuka wenyewe pasipo kurudia. Akifanya hivyo siku baada ya siku, akili hujifunza upya. Mara nyingi huhitajika vikao 12 hadi 20, kimoja kwa wiki. Ni vyema shekhe amwekee mipaka ya sharia mwanzoni, ili mgonjwa asihisi kuwa anapunguziwa dini yake.

Daktari anaweza pia kuandika dawa. Manufaa yake huweza kuchukua wiki 8 hadi 12 kuonekana vizuri, basi zisikatwe ghafla bila ya ushauri wake.

Wajibu wa familia

Msimcheke, msimpige, msimwite mwendawazimu. Wala msimjibu swali lile lile kutwa nzima, kwani jibu lenu ni kama maji ya mfereji: humtuliza kidogo, kisha humrudisha. Kubalianeni naye mapema kwamba atajibiwa mara moja tu, kwa upole. Vile vile ashike fatwa ya shekhe mmoja anayemuamini, asizunguke kutafuta ya pili.

Kumsomea Qur'ani na kumuombea dua ni kheri, na hakuzuii matibabu; Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Anayewataka mumfunge mgonjwa, mumpige au mumkataze hospitali, mkimbieni. Na mgonjwa akitaja kutaka kujiua, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Anzeni na kituo cha afya kilicho karibu, muombe kuelekezwa kwa mtaalamu wa maradhi ya akili. Kwa Unguja ipo hospitali ya Kidongo Chekundu. Kwenda huko si aibu, kama isivyokuwa aibu kumpeleka mwenye sukari kwa daktari.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu na azipe subira familia zao. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.