Kitanda cha Akrotiri
Kisiwa cha Thera, Ugiriki

Takriban mwaka 1600 KK, wenyeji wa bandari hii, mabaharia na wafanyabiashara waliojenga nyumba za ghorofa na mifereji ya maji machafu chini ya njia zao, walipopatwa na zilzala, walianza kuondoa kifusi na kuvitoa vitanda vyao nje, na kabla hawajamaliza volkano ikalipuka, ikaufukia mji kwa majivu na mawe mepesi. Maiti hazikuonekana majumbani. Yaelekea, alhamdulillahi, waliwahi kukimbia.

Mti wa kitanda hiki uliooza uliacha uwazi majivuni, nao wachimbaji wakaujaza plasta, ndipo likapatikana umbo hili lililohifadhiwa kwa kuwa ladhihirisha ile kazi iliyokatizwa. Uchimbaji ulianzishwa mwaka 1967 na Spyridon Marinatos.