Jicho la Bingwa: Machale Yanatoka Wapi?

Mwezi Novemba 1938, shirika la redio la Uholanzi lililoitwa AVRO liliwakusanya wachezaji wanane wa sataranji waliohesabiwa kuwa bora kuliko wote duniani, likawazungusha mji baada ya mji ili Waholanzi wawaone wakicheza. Alikuwepo Alexander Alekhine, bingwa wa dunia. Alikuwepo José Raúl Capablanca wa Cuba, aliyeshika taji kabla yake, na Max Euwe, mwalimu wa hisabati wa Amsterdam aliyemvua Alekhine taji hilo mwaka 1935 na kukaa nalo miaka miwili. Miongoni mwa waliowafuata alikuwa kijana wa miaka 24, Adriaan de Groot, aliyesomea saikolojia na kuichezea Uholanzi sataranji. Alikuwa na ombi moja kwa wakubwa hao. Wakae mbele ya ubao wenye mchezo ulioishia katikati, watafute hatua bora ya kucheza, na muda wote huo waseme kwa sauti kila kinachowapitia kichwani.

Wakati ule, kama ilivyo leo, watu wengi waliamini kwamba bingwa anashinda kwa sababu anapiga hesabu mbali kuliko wenzake. De Groot aliyaandika maneno yao neno kwa neno, kisha akayalinganisha na ya wachezaji wazuri wa kawaida wa vilabuni. Mabingwa hawakuwa wamepitia hatua nyingi kuliko wale wengine, wala hawakuzama mbali zaidi kwa kiasi cha kueleza pengo kubwa lililokuwa kati yao. Pengo lilianzia mapema, kabla hata hesabu haijaanza. Hatua nzuri ilikuwa imekwisha kumjia bingwa tangu alipoutupia ubao jicho, huku mwenzake akihangaika dakika kwa dakika kuchambua hatua ambazo bingwa hakuzifikiria kabisa.

Basi hatua hiyo inamjiaje? De Groot akafanya jaribio jingine. Aliwaonyesha ubao wa mchezo wa kweli kwa sekunde chache tu, akauondoa, akawaambia waupange upya kutoka kichwani. Mabingwa walirudisha karibu kila kete mahali pake. Wachezaji wa kawaida walifika nusu hivi. Tasnifu yake ilitoka mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, lakini kwa Kiholanzi, na wengi wa nje waliisoma ilipotoka tafsiri ya Kiingereza mwaka 1965.

Mtu angeweza kusema hapo kwamba mabingwa ni watu waliozaliwa na kumbukumbu isiyo ya kawaida, na habari ikaishia hapo. Walioizuia isiishie hapo ni Herbert Simon na William Chase wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh. Katika kazi waliyoichapisha mwaka 1973 walirudia jaribio la De Groot, wakaongeza jambo moja ambalo naliona kuwa ndilo lililofungua mlango wote. Walichukua kete zilezile wakazitawanya ubaoni ovyo, pasipo mchezo wowote nyuma yake. Kwa ubao wa mchezo halisi, bingwa aliyetazama sekunde tano alikumbuka kete kama 16, mwanafunzi anayeanza mchezo alikumbuka nne hivi. Kwa ubao uliovurugwa, bingwa na mwanafunzi wakawa karibu sawa. Kumbukumbu ile ya ajabu ikayeyuka.

Kwa hiyo bingwa hakuwa na kichwa cha aina nyingine. Alikuwa ameona, kwa miaka isiyopungua kumi, maelfu kwa maelfu ya mipangilio ya kete, na kila mpangilio ulikuwa umefungamana na jambo lililotokea baadaye: hapa mtu alishambuliwa, pale alijibana mwenyewe. Simon na Chase walikadiria kwamba bingwa anabeba mipangilio kama 50,000 kichwani. Anapotazama ubao, anautambua kama wewe unavyotambua sura ya jirani yako. Simon, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 1978, alilishikilia wazo hilo mpaka mwisho wa maisha yake: machale ni utambuzi, wala si zaidi ya hapo.

Sisi tuliokulia penye baraza la bao hatuna sababu ya kuona jambo hili kuwa la Ulaya. Mholanzi mwingine, Alexander de Voogt, alikwenda Zanzibar kukaa na mabingwa wa bao, na tasnifu yake juu ya umahiri wao ilitoka Leiden mwaka 1995. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Katika sataranji, kwa kawaida, hatua moja hugusa kete moja, au mbili ikiliwa nyingine. Katika bao, kete unazotia zinaweza kula, zikaendelea, zikala tena, zikazunguka, na zikilala mwishowe nusu ya mashimo yamebadilika hesabu. Bingwa anayenyanyua kete mkononi bila kuzihesabu kwa kidole, naye anajua zitalala shimo lipi, anasoma ubao ambao bado haujakuwepo. Umahiri huo haupatikani kwa kuambiwa. Hupatikana kwa kufungwa jioni nyingi mbele ya watu, na kila kosa kuadhibiwa papo hapo.

Hilo la kuadhibiwa papo hapo ndilo lililokosekana katika kisa kingine. Mwaka 1955 Daniel Kahneman, luteni wa miaka 21 katika jeshi la Israel, alipewa kazi ya kuchagua vijana wanaofaa kuwa maofisa. Vijana wanane wasiojuana walipewa gogo na ukuta wa kuuvuka pamoja, naye na wenzake wakawatazama. Nani anaongoza? Nani anakata tamaa? Mwishoni waliandika alama kwa uhakika mkubwa, maana kila kitu kilionekana wazi. Kisha taarifa zikaja kutoka chuo cha maofisa: utabiri wao ulikuwa bora kuliko kubahatisha kwa kiasi kidogo tu. Kilichomshangaza Kahneman maisha yake yote ni kilichofuata. Siku iliyofuata wakaja vijana wengine, na luteni yule, huku akiijua taarifa ile, alijisikia na uhakika uleule. Nadhani hapa ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Tunachukua nguvu ya hisia kuwa ushahidi wa ukweli wake, na hivyo viwili havina undugu.

Mwaka mmoja kabla, huko Minnesota, Paul Meehl alikuwa amechapisha kitabu kilichowaudhi wanasaikolojia wenzake wengi. Alikusanya tafiti kama 20 zilizoshindanisha utabiri wa wataalamu na hesabu rahisi za takwimu, na karibu katika zote hesabu ililingana na mtaalamu au ilimshinda. Kahneman alikisoma. Alipotengeneza usaili mpya wa jeshi, aliwataka wasaili watoe alama kwa sifa sita, moja baada ya moja, kwa maswali ya mambo yaliyotendeka. Walinung'unika kwamba anawageuza mashine. Akawakubalia jambo moja: mkimaliza, fumbeni macho, mfikirieni kijana huyu akiwa askari, mtoe alama yenu. Majibu yalipokuja, jumla ya sifa sita ilikuwa bora kuliko usaili wa zamani, na alama ya macho yaliyofumbwa haikubaki nyuma. Hisia ilikuwa imekuja baada ya kazi kufanywa.

Mwanasaikolojia Gary Klein alianzia upande wa pili, upande wa wanaoyaamini machale. Katikati ya miaka ya 1980, akiwa Ohio, alilipwa na jeshi la Marekani kuchunguza watu wanaoamua wakati muda haupo, akawaendea makamanda wa zimamoto. Mmoja alimsimulia moto wa jikoni katika nyumba ya kawaida. Walimwaga maji, moto ukarudi. Wakamwaga tena, ukarudi tena. Sebuleni palikuwa na joto lisilolingana na moto mdogo kama ule, na kimya kisichostahili joto lile. Akaamuru watu wake watoke. Muda mfupi baadaye sakafu waliyokuwa wamesimama juu yake ikaporomoka, maana moto wenyewe ulikuwa chini yao, katika chumba cha chini ya ardhi ambacho hawakujua kama kipo. Kamanda yule aliamini amejaliwa kipaji cha kuhisi yasiyoonekana. Klein alipomchimba kwa maswali, ishara zikatoka moja moja: moto usiotii maji, joto, ukimya. Alikuwa ameziona zote kabla hajajua kwamba ameziona.

Kahneman na Klein, ambao wafuasi wao walikuwa mahasimu, walikaa miaka kadhaa wakibishana, na mwaka 2009 wakachapisha makala ya pamoja wakikiri kwamba wameshindwa kutofautiana. Machale yanastahili kuaminiwa panapokuwa na mambo mawili: mazingira yenye mpangilio unaojirudia, na fursa ndefu ya kujifunza huku mtu akipata majibu ya alichotenda. Ubao wa sataranji unayo yote. Moto unayo. Soko la hisa halina la kwanza, na anayetabiri siasa za miaka kumi ijayo hana la pili.

Katika kazi za kikundi cha Klein iko moja iliyofanywa kwa wauguzi wa watoto njiti. Muuguzi mgeni alikuwa ameona joto la mtoto limeshuka kidogo, akaongeza joto la kitanda. Mzoefu akapita karibu, akatupa jicho: kisigino kilichochomwa sindano bado kinavuja damu, rangi ya ngozi imefifia, tumbo limevimba kidogo. Mtoto akaanzishiwa dawa mara moja, na saa 24 baadaye maabara ikathibitisha maambukizi kwenye damu. Beth Crandall wa kikundi hicho alipowahoji wauguzi kama huyu, mwanzoni walimwambia kwamba wanajua tu. Alipowarudisha kwenye kisa kimoja kimoja alipata orodha ya dalili, nyingine hazikuwa katika kitabu chochote cha uuguzi, na nyingine zilikuwa kinyume cha zile za watu wazima. Orodha hiyo ikaingizwa katika mafunzo ya wauguzi wapya.