Mafunzo ya useremala Handeni na Korogwe

Mafunzo ya useremala katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, hupatikana kwa njia mbili: kwenye karakana za mitaani chini ya fundi mzoefu, na vyuoni. Mjini Handeni kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimojawapo cha vyuo ambavyo Tanzania ilianza kuvianzisha mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden. Mafunzo ya ufundi stadi nchini hutolewa pia na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na tuzo za ufundi stadi zina ngazi 3.

Faida kubwa ya chuo ni kufundisha sababu pamoja na mazoea. Ubao mbichi hunywea ukikauka, tena kwa upana kuliko kwa urefu. Ndiyo maana mlango wa mninga usiokaushwa hupinda na viungo vyake kulegea, hata kama randa na patasi zilitumika kwa ustadi. Wapo wanaosema mtaa hufundisha bila ada na kijana wa Kwedizinga, wilayani Handeni, huanza kujipatia riziki mapema. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa wepesi wa mkono huletwa na kazi nyingi. Hata hivyo, mwanagenzi hurithi pia makosa ya fundi wake, na asipojua kusoma mchoro au kukadiria gharama hukosa zabuni za madawati na majengo. VETA yenyewe hupima na kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Kwa hiyo chuo na karakana vinapaswa kukamilishana, na kijana anastahili kupata vyote viwili.