Ihumwa: Gia Boksi Inaposhushwa Uani

Gari limewekwa D, injini inanguruma, magurudumu yametulia. Baada ya sekunde kadhaa linaruka mbele kama punda aliyechapwa. Fundi wa Ihumwa hana haraka ya kulala chini ya gari la namna hiyo. Huchomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, hudondosha tone kwenye kitambaa cheupe, kisha hunusa. Oili hiyo ikiwa mpya huwa nyekundu na safi. Ikigeuka ya kahawia na kunuka kuungua, sahani za klachi ndani zimeanza kuliwa, na tajiri wa gari huambiwa habari asiyoipenda: gia boksi inashuka.

Ihumwa iko mashariki mwa jiji la Dodoma, kwenye barabara kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam. Mvua hapa hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua kavu na upepo, kwa hiyo ua wa nyumba hugeuka gereji bila kuhitaji paa. Tatizo ni vumbi. Injini hulivumilia kidogo, lakini ndani ya gia boksi ya otomatiki oili hupita kwenye vinjia vyembamba vya vali bodi, na punje chache za mchanga wa hapa zinatosha kukwamisha vali.

Kufungua mashine kwenye vumbi hilo si jambo la jana. Mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilianza mradi wa kulima karanga katika eneo kubwa la Tanganyika, ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Makao ya kwanza yalikuwa Kongwa, umbali wa kilomita zipatazo 80 kutoka Dodoma. Matrekta mapya hayakupatikana ya kutosha, yakakusanywa mabaki ya jeshi, mengine kutoka Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman vilibadilishwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta, yakapewa jina la Shervick. Udongo wa Kongwa, ambao kiangazi huwa mgumu kama tofali lililochomwa, uliyashinda. Miezi michache tu baada ya kazi kuanza, theluthi mbili ya matrekta yalikuwa yamesimama. Mradi wenyewe ulifutwa mwaka 1951.

Karanga hazikupatikana za kutosha, lakini Kongwa ilikuwa imegeuka karakana kubwa iliyo porini. Wafanyakazi Waafrika walifunzwa kuendesha na kuhudumia mashine ambazo spea zake zilikuwa bahari mbili mbali, na somo la kwanza lilikuwa kutoa kifaa kwenye trekta lililokufa ili kufufua jingine. Kila fundi wa nyanda za kati analijua somo hilo, hata kama hajawahi kusikia habari za karanga.

Uhuru uliyakuta magari yenye gia za mkono: Land Rover, Bedford, Peugeot 404 na baadaye 504. Gia boksi zake zilikuwa chuma, meno na beringi, vitu ambavyo jicho huona na mkono hugusa. Miaka ya 1970 ilileta ukame wa spea. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983, na vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda mwaka 1978 na 1979 vilimeza magari na fedha za kigeni. Mafuta yalipoadimika, magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana. Serikali ilijenga taasisi: SIDO mwaka 1973 kwa viwanda vidogo, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji mwaka 1975, kiwanda cha kuunganisha malori ya Scania kule Kibaha. Hata hivyo gari la mtu wa kawaida lilitegemea gereji bubu, ile isiyo na kibao wala leseni, iliyokaa chini ya mti. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, anawatazama mafundi wa gereji hizo kama wabunifu waliolisuka upya gari la kigeni likakubali barabara za Tanzania.

Wakati huo wote otomatiki ilikuwa ikikua kwingine. General Motors iliuza Hydra-Matic yake kwenye Oldsmobile za mwaka 1940. Toyota ilitoa Toyoglide yenye gia mbili mwaka 1959, na mwaka 1969 Aisin ya Japani ikaungana na BorgWarner ya Marekani kuanzisha kampuni ya gia boksi iliyokuja kuzijaza Toyota nyingi. Dereva wa Japani aliipenda otomatiki kwa sababu ya foleni za mijini. Sheria ya ukaguzi wa magari nchini humo nayo ilisaidia bila kukusudia kuyasukuma magari hayo kwenye soko la mitumba: gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama yake huwafanya wengi wauze gari likiwa bado zima. Usukani wa magari ya Japani uko kulia, kama wa Tanzania.

Mlango wa magari hayo kuingia Tanzania ulifunguliwa kwa bajeti ya mwaka 1984, ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Ali Hassan Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka 1985 aliupanua, akaitwa Mzee Rukhsa. Miaka iliyofuata ikaleta Corolla, Carina, Mark II na Noah, nyingi zikiwa na herufi P, R, N na D pembeni ya kiti. Vitabu vya maelekezo ndani ya dashibodi vilikuwa vya Kijapani.

Kwa fundi aliyelelewa na Peugeot, hili lilikuwa jambo la kuanza upya. Hakuna pedali ya klachi. Nguvu ya injini hupita kwenye konveta, chungu kilichozibwa ambamo oili husukuma mapanga yaliyoshikamana na gia boksi. Alichojifunza kuhusu meno na beringi kilimsaidia nusu tu ya njia.

Kushusha kwenyewe kuna mpangilio usiorukwa. Betri hukatwa kwanza, kisha oili humwagwa. Kwa Mark II hutolewa propela, kwa Corolla hutolewa shafti za magurudumu ya mbele. Hufuata soketi za umeme, mirija ya oili iendayo kwenye rejeta, stata na maunti. Halafu linakuja jambo ambalo gia za mkono hazikulifundisha: bolti zinazofunga konveta kwenye sahani ya injini hufikiwa kupitia kitundu kidogo, moja baada ya nyingine, huku msaidizi akizungusha injini kwa spana. Asiyejua huvuta gia boksi peke yake na kuiacha konveta inaning'inia. Anayejua huitoa pamoja na konveta yake, juu ya jeki, gari likiwa limekaa kwenye stendi imara na si kwenye matofali.

Hatari kubwa huwa wakati wa kupandisha. Konveta isipoingia hadi mwisho ikashika pampu ya oili, kukaza bolti za nyumba ya gia boksi huivunja pampu hiyo, na kazi ya siku 2 hurudi mwanzo. Ndiyo maana fundi makini hupima kwa rula kina cha konveta kabla ya kusukuma, kisha huhakikisha inazunguka kwa mkono kabla ya kuwasha injini.

Ila kushusha si kufumua. Zama za uhaba kila kitu kilifumuliwa kwa sababu hakikuwa na mbadala. Zama za rukhsa zilileta pia gia boksi nzima zilizotumika Japani, zikapangwa Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam kama magunia ya mahindi. Fundi akazoea kushusha iliyokufa na kupandisha nyingine jioni ileile, bila kujua imetembea kilomita ngapi. Kizazi kizima cha mafundi kikawa na mikono myepesi ya kufungua bolti lakini hakikuwahi kupanga sahani za klachi mezani kwa mfuatano wake.

Umri wa magari unawarudisha mezani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda mwaka 2018 iliweka kikomo cha miaka 15. Tanzania haikupiga marufuku; imechagua kutoza ushuru wa uchakavu. Magari yanazeeka barabarani, na gia boksi iliyotolewa kwenye gari la umri huohuo haina ahadi kubwa kuliko iliyokufa. Hapo ndipo seti ya sahani na sili mpya inapoanza kuwa na hesabu, na ndipo vumbi la Ihumwa linapokuwa na bei: turubai hutandazwa na kumwagiwa maji kuzunguka eneo la kazi, na vali bodi hufunguliwa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha.

Kazi yenyewe imeufuata mji. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini ni baada ya 2016 ndipo serikali ilipohama kweli, na Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba, jirani na Ihumwa, Aprili 2019. Watumishi walikuja na IST na RAV4 zao. Barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3 inapita kwenye bandari kavu ya Ihumwa. Tangu 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) hupita upande huu ikitoka Dar es Salaam, ikiongeza kasi bila kubadili gia hata moja. Uani, fundi anaandika namba kwa chokaa kwenye kila bolti aliyoitoa, anaifunga konveta kwa mfuko wa nailoni ili vumbi lisiingie, kisha anamtuma kijana dukani kununua lita 4 za oili nyekundu.